Matone Manne kwenye Boksi la Cresencio

Hakuna kitu Odilia Racancoj alichokichukia duniani kama oili chini ya lori. Umbeya aliuvumilia. Mvua ya mawe aliivumilia. Hata Baudilio wa yadi ya ng'ambo, na meno yake ya dhahabu, alimvumilia siku akiwa amelala vizuri. Lakini doa la oili, ebo! Akiliona tu damu inamchemka, mdomo unaanza kazi kabla ya kichwa, na aliye karibu ndiye anayebeba mzigo wote. Aliye karibu, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Romualdo.

Romualdo alikuwa mdogo wa marehemu Hermógenes, mume wa Odilia. Fundi wa injini, mtu wa maneno machache, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hermógenes alikuwa akinunua malori yaliyotumika huko Texas, kwenye minada, kwa kuyaona kwenye picha tu. Madereva wanayateremsha Mexico nzima, moja linalivuta jingine, yanafika huku kwetu Salcajá, Guatemala, yamechoka hoi. Romualdo anayatengeneza, Hermógenes anayauza. Basi Hermógenes akaugua figo, akafa, na hata siku tisa za maombi hazijaisha watu wa barabara hii walishaigawana yadi yake midomoni.

"Mwanamke atauza malori? Huyo mtamwona sokoni anauza tamale za mahindi kwenye beseni kabla ya Pasaka."

Odilia akavaa koti la ngozi la mumewe, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akauza malori. Ulimi wa asali wa marehemu hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni kauli. Akitaja bei, ndiyo hiyo. Akisema giaboksi ni nzima, ni nzima. Ukimwomba arudie anakukata jicho: "Nimeshasema. Mimi sisemi mara mbili." Watoto wa shule walikuwa wakimwigiza njiani, wameshika viuno, na yeye alijua, na moyoni alipenda.

Miaka minne ikapita hivyo, na bado kulikuwa na jambo moja linalomchoma. Mzee Cresencio hakuwahi kurudi. Huyu alikuwa mwenye malori wa kule chini pwani, Retalhuleu, kwenye joto, na alikuwa amenunua malori kumi na moja kwa Hermógenes. Wabeba miwa na mahindi wa pwani nzima hawasomi matangazo; wanatazama Cresencio amenunua wapi, nao wanakwenda papo hapo. Tangu mazishi, mzee hakukanyaga yadi ile. Watu wa pwani nao wakaacha. Odilia akawa anauzia wauza vitunguu wa karibu, lori moja moja, na kona ya mbele ya yadi Baudilio alishaipima kwa hatua zake, mchana kweupe, akisema ataweka malori yake pale "siku mama akichoka."

Basi fikirini wenyewe, mwezi ule simu ilipolia na sauti ya Cresencio ikasema anatafuta lori la tani sita na atapanda Jumanne kulitazama. Odilia alilia machozi akiwa bado ameshika simu. Likimridhisha, pwani yote itarudi. Asiporidhika, atavuka barabara kwenda kwa Baudilio, na yadi ya Hermógenes ndiyo basi tena.

Lori lenyewe lilifika Ijumaa. Jeupe, la magurudumu sita, lililokuwa likibeba mikate huko Texas. Injini ilikuwa na matope ya nchi mbili. Na huku kwetu, sote tunajua, injini haionyeshwi hivyo. Injini ya Salcajá huoshwa kwa dizeli na sabuni mpaka ing'ae kuliko sahani za harusi. Waosha magari wapo tele, lakini wanamwaga maji hovyo kila tundu, kwa hiyo Odilia aliosha mwenyewe, kama Hermógenes alivyomfundisha. Marehemu aliacha kwenye mtungi wa bati vitambaa vinne vyekundu vya kuzibia matundu ya injini wakati wa kuosha, na kanuni yake ilikuwa hii: vinne vinaingia, vinne vinatoka. Usipovihesabu, usiwashe.

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Odilia alijitanda mtandio wake mkuukuu wa bluu, ule ambao mama yake alizitia rangi nyuzi zake kwa mkono kabla ya kuufuma, wenye mistari ya manjano kama vichwa vya mishale. Akaziba tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Vitambaa vikaisha. Lori hili la mikate lilikuwa na bomba moja zaidi, limejificha huko nyuma ya injini. Akachana ncha ya mtandio, ambayo ilikuwa imeshaanza kuchanika yenyewe, akaliziba, akafungulia maji.

Ndipo Baudilio akavuka barabara na kikombe chake cha kahawa.

"Osha, Mama Odi, osha! Hata nguruwe akioshwa vizuri anafaa sikukuu."

"Na wewe ukioshwa utafaa nini, Baudilio? Tutamaliza maji ya mji bure."

"Nasikia mzee wa pwani anakuja Jumanne. Alinipigia na mimi, unajua. Nikamwambia, mzee wangu, kwa mjane usijisumbue. Malori yake yanalia kuliko yeye alivyolia msibani."

Lo! Odilia hakujibu kwa mdomo. Alimgeuzia mpira wa maji. Baudilio alikimbia na kahawa yake imejaa povu la sabuni, Odilia nyuma yake, mpaka mpira ukaishia katikati ya barabara na basi la Totonicapán likabidi lisimame. Abiria walipiga makofi. Aliporudi alikuwa anacheka mwenyewe, akasuuza injini, akatoa vitambaa vyekundu, akahesabu. Vinne. Akavianika.

Jumamosi Romualdo aliliwasha lori, akalipandisha mlima hadi njia panda ya Cuatro Caminos na kurudi. Lilipokuwa likinguruma pale pale yadini lilikuwa kavu kabisa, lakini lilipotoka mlimani, chini ya injini kulikuwa na oili. Tone. Tone. Tone. Odilia alisimama akaangalia.

"Nini hiki?"

"Oili, shemeji."

"Naona ni oili, mimi si kipofu! Inatoka wapi?"

Romualdo alilala chali chini ya lori kwa muda mrefu, akiimba wimbo wake usio na maneno. Akatoka. Akaangalia kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kimejisukuma juu chenyewe, kimetoka nusu kidole. Akakirudisha ndani polepole.

"Injini hii inapumulia bomba la huko nyuma," akasema. "Likiziba, pumzi haina pa kutokea, inasukuma oili kila panapopenyeka. Ulipoosha, uliziba kitu huko ukakisahau?"

Sasa hilo lilikuwa swali la kawaida. Fundi yeyote angeuliza. Lakini Odilia alikuwa na Jumanne kichwani, na Baudilio amesimama ng'ambo, mlangoni kwake, anachokonoa meno.

"Mimi nisahau? Vinne viliingia, vinne vimetoka, vile pale kwenye kamba, hesabu! Miaka minne naosha injini hapa. Unadhani mimi mtoto?"

"Nimeuliza tu."

"Nimeshasema. Badilisha gasketi ya juu, hiyo ndiyo inayovuja. Hata kipofu angeona."

Romualdo akabadilisha gasketi. Akapanda na lori Cuatro Caminos, akarudi. Tone. Tone. Tone.

"Ni sili ya nyuma basi, ule mpira wa kuzuia oili nyuma ya injini," akasema Odilia, na sauti yake ilishapanda ngazi mbili. "Shusha giaboksi uifikie."

Kushusha giaboksi la lori la tani sita si kazi ya kumwambia mtu Jumamosi jioni. Jumapili Romualdo hakwenda misa. Mke wake alikuja mlangoni amevaa nguo za kanisani, akasimama, akaona miguu ya mumewe imetokeza chini ya lori, akamtazama Odilia bila salamu, akaondoka. Odilia alimletea shemeji yake uji wa mahindi na tamale mbili. Alizisukuma chini ya lori kwa mguu kama anayemlisha paka, kwa sababu alikuwa amekasirika na hakujua amemkasirikia nani. Sili ya zamani ilipotoka, Romualdo aliigeuza kwenye mwanga.

"Hii nzima, shemeji."

"Nzima ndiyo inavuja? Weka mpya!"

Akaweka mpya. Jumatatu mchana giaboksi likawa limerudi mahali pake, lori likapanda tena mlima, likashuka, na Odilia akapiga magoti hapo hapo kwenye kokoto. Wala halikungoja. Lilikuwa linadondosha kuliko Jumamosi.

Jamani, kuna hasira inayomfanya mtu apige kelele, na kuna ile inayokuja baada ya hiyo, ya kusemea chini. Odilia alisimama akijipangusa magoti.

"Sema ukweli, Romualdo. Baudilio amekupa nini?"

Romualdo alikuwa anafuta spana. Akaacha.

"Amenipa nini kwa nini?"

"Siku tatu! Gasketi mpya, sili mpya, na fundi wa miaka thelathini hajui oili inatoka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Ulitaka yadi hii tangu siku tuliyomzika kaka yako. Ungesema tu!"

Hapo alikuwa ameshavuka mpaka, na alijua. Alisikia maneno yakitoka na akatamani kuyashika mkia. Lakini Odilia hajui kurudi nyuma. Gia hiyo hakuzaliwa nayo.

"Kesho mbele ya mzee Cresencio, likidondoka tone moja tu, chukua spana zako. Usikanyage tena yadi hii. Nimeshasema."

Romualdo akamalizia kufuta spana. Kisha akaingia tena chini ya lori, na safari hii hakuimba.

Jumanne ni siku ya soko, kwa hiyo barabara ilijaa kuku na viazi tangu alfajiri. Cresencio alifika saa tatu. Mzee mwembamba wa kofia ya majani, makoti mawili moja juu ya jingine, na chini viatu vya wazi, kwa sababu watu wa pwani miguu yao haikubali kufungwa. Kwapani alikuwa na boksi la sabuni lililofunguliwa na kulainishwa likawa bapa. Boksi hilo pwani nzima inalijua. Mzee analiendesha lori mlimani mpaka lipate moto kabisa, analirudisha, anatandika boksi chini ya injini, halafu anakaa anakula tamale mbili bila haraka. Akimaliza kula ndipo anavuta boksi na kusoma.

"Pole na msiba, mama," akamwambia Odilia, kana kwamba Hermógenes alizikwa jana. "Nilichelewa kuja."

"Umefika, mzee. Karibu."

"Hili jeupe?"

"Hilo."

"Linavuja?"

Odilia akampa ufunguo. "Liendeshe, utaona mwenyewe."

Akaliendesha. Romualdo alisimama karibu na meza yake ya kazi, sanduku la spana limefungwa tayari. Baudilio naye alivuka barabara, eti anatafuta chenji. Lori likarudi linanguruma, boksi likatandikwa, mzee akakaa juu ya tairi kuukuu, akafungua majani ya tamale ya kwanza. Odilia hajawahi kumchukia mtu kwa kutafuna kama alivyomchukia yule mzee. Alitafuna! Alitoa kipande cha jani kwenye jino. Alifungua ya pili. Injini ilikuwa inanguruma na Odilia alikuwa anasali kwa Mtakatifu Luis wa mji wake, na kwa Hermógenes, kisha kwa watakatifu ambao hakuwa na uhakika kama wapo.

Mzee akafuta vidole, akavuta boksi.

"Manne," akasema.

Matone manne, meusi, makubwa, yameenea kwenye karatasi. Baudilio alikohoa kikohozi cha furaha.

"Tone la huku kwenye baridi ni kikombe kule kwetu, mama. Joto likilipata hili, nitakuwa namwaga oili njia nzima kama padri anayebariki mashamba." Mzee alisema kwa upole, na upole ndio uliouma. Akaanza kukunja boksi lake.

"Mzee," akasema Romualdo. "Nipe dakika kumi."

Hakungoja jibu. Alizima injini, akakibinua kichwa cha lori mbele, akapanda juu ya fremu, akaingiza mkono huko nyuma ya injini mpaka begani. Uso wake ulikuwa umeegemea chuma cha moto. Kidogo tukasikia sauti, fyuuu, kama sufuria inayofunuliwa. Mkono ukatoka na kitu kwenye ngumi, na ngumi ikaenda moja kwa moja mfukoni.

"Nini hicho?" akauliza Cresencio.

"Tambara. Lilikuwa limeziba bomba la kupumulia." Romualdo alikuwa anatazama chini. "Kosa langu, mzee. Nilisafisha huko nikalisahau. Gasketi nzima, sili nzima. Ilikuwa pumzi tu."

Lakini ngumi haikuingia yote mfukoni. Pembe ya kitambaa ilibaki nje, imelowa oili, na bado ulikuwa unaona bluu yake, na kichwa kimoja cha mshale wa manjano. Odilia aliiona. Akashusha macho begani kwake mwenyewe. Mtandio alikuwa ameuvaa, ule ule, na ncha yake moja ilikuwa imechanika, nyuzi zinaning'inia.

Akakumbuka. Ijumaa. Bomba la tano. Maji, Baudilio, basi la Totonicapán, abiria wanapiga makofi.

"Ala!" Cresencio alikuwa amekasirika sasa, na hasira yake yote alimpa Romualdo. "Fundi mzima unasahau tambara ndani ya injini? Je, kama ningelinunua? Ningelipeleka shambani?" Akamgeukia Odilia. "Mama, mimi ni mtu mzima, pokea ushauri wangu. Lori ni zuri, nitalijaribu tena na likiwa kavu nalichukua. Lakini huyu mwache aende. Leo tambara, kesho ataacha spana."

Yote aliyoyataka yalikuwa hapo mbele yake. Lori kavu, mzee wa pwani, pwani yenyewe. Alitakiwa afunge mdomo tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kunyamaza kungemletea faida, na Romualdo alikuwa amesimama pale, shavu limeungua, akimpa nafasi hiyo bila hata kumtazama.

Odilia alitaka kunyamaza. Nisimpambe. Alihesabu moyoni mpaka nne, tano, na mdomo ulikuwa umefungwa. Kisha akautoa mtandio begani, akaushika ncha yake iliyochanika, akauinua mbele ya mzee.

"Romualdo, toa hicho kitambaa."

"Shemeji, acha."

"Kitoe!"

Akakitoa. Vipande viwili vilikuwa vya nguo moja, hata mbuzi angeona.

"Ni changu," akasema Odilia. "Niliziba mimi, nikasahau mimi. Jumamosi aliniuliza, nikamwapia hakuna kitu. Nimemshushisha giaboksi Jumapili ya Mungu kwa upuuzi wangu. Nimemwita msaliti. Hana kosa hata moja."

Kuku wa sokoni walikuwa wanalia mahali fulani. Halafu Baudilio akapasuka kicheko, mikono juu ya tumbo.

"Mwosha huoshwa! Mama Odi, umejiosha mwenyewe leo!"

"Wewe nyamaza," akasema Cresencio bila kugeuka. "Lile lori la kijani ulilomuuzia mpwa wangu bado nalikumbuka." Baudilio akakumbuka kwamba yadi yake haina mtu.

Mzee alikaa tena juu ya tairi. Odilia akasubiri apigwe hilo neno ajue moja.

"Unajua kwa nini nilinunua kumi na moja hapa?" akasema mzee.

"Kwa sababu Hermógenes hakuwa akikosea."

"Nani kakwambia?" Mzee alishangaa kweli. "Hermógenes? Mtu yule alikuwa na kichwa cha kuku! La tatu alisahau kukaza nati za gurudumu, akanifukuza mpaka San Felipe anapiga honi kama mwendawazimu. La saba alishuka mwenyewe pwani, siku mbili baadaye, akaniambia, Cresencio, nimekumbuka kitu kuhusu rejeta ile, nirudishie lori. Nilinunua kwake kwa sababu akikosea alikuwa akisema. Nilipokuwa nasikia habari zako, kwamba mjane hakosei, mjane hasemi mara mbili, nikaogopa kuja."

Miaka minne Odilia alikuwa amevaa koti la mtu ambaye kumbe hakumjua.

Mzee akaligeuza boksi upande safi, akapanda, akalipeleka lori Cuatro Caminos, akalirudisha. Hakuwa na tamale tena, kwa hiyo alivuta sigara mbili. Alipovuta boksi, lilikuwa boksi tu. Akaligeuza kwenye jua, akapitisha kiganja, akanusa kiganja.

"Kavu," akasema, akampa Odilia mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama chura, maskini, na yale makoti mawili. "Mwambie fundi anikazie nati za magurudumu."

"Romualdo!" akaita Odilia, anageuka, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Meza ya kazi ilikuwa tupu. Imefutwa, hata vumbi la spana halipo. Romualdo alikuwa ameshafika kwenye mnyororo wa geti, sanduku begani, anainama kupita chini yake.

Odilia alibaki ameshika mkono wa mzee. Mara moja ameshaita. Watu wa soko walikuwa wamejaa barabarani wanatazama, Baudilio mlangoni kwake, na watoto wale wa kumwigiza nao hawakukosa. Romualdo akapita chini ya mnyororo, akanyooka upande wa pili, akaanza kwenda.

"Romualdo!" akaita mara ya pili.

Hakugeuka. Odilia akaachia mkono wa mzee, akakimbia na viatu vyake vya plastiki, akajigonga tumbo kwenye mnyororo kwa sababu hakuinama kwa wakati.

"Unakwenda wapi, wewe mtu? Hukusikia? Lori limenunuliwa!"

"Nimesikia. Nimefurahi." Alikuwa amesimama, lakini sanduku hakulishusha. "Ulisema likidondoka tone moja. Yalikuwa manne, shemeji. Niliyahesabu."

"Lakini bomba ungeliangalia tu, Jumamosi! Dakika kumi! Kwa nini hukuangalia?"

Romualdo alimtazama kama vile swali lenyewe halikuwa na maana.

"Si nilikuuliza ukasema hakuna kitu? Wewe ukisema, nani aangalie tena?"

Machozi yakamshuka Odilia, mbele ya soko zima, akayaacha. Alishika mnyororo kwa mikono miwili.

"Jana nilisema usikanyage," akasema. "Leo nasema kanyaga."

"Sijasikia vizuri. Kuna kuku wengi."

"Romualdo, usinitanie!"

Lakini yeye alikuwa amesimama vile vile, shavu lake jekundu kwa kuungua, sanduku begani, anangoja, wala hakuwa anatania kabisa. Kitambaa cha bluu alikuwa amekirudisha mfukoni, kinaning'inia.

Odilia akautoa mnyororo kwenye ndoano, akauangusha chini.

"Kanyaga, shemeji," akasema tena, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Rudi ndani. Nati za mzee hazijakazwa."